Anza na Sebene: Mbinu za Kuchanganya Muziki Ukiwa Nyumbani Lubumbashi

Masomo mengi ya udijei yaliyojaa kwenye simu zetu yametolewa na watu wanaopiga house na techno, muziki ambao mdundo wake umetengenezwa na kompyuta na hauyumbi hata kidogo. Kijana wa Katuba au Kamalondo anayafuata hatua kwa hatua, kisha anaweka wimbo wa zamani wa Zaiko Langa Langa, anaingiza na wa Wenge Musica, na baada ya nusu dakika ngoma zinaanza kugombana. Anajiona hana kipaji. Ukweli ni kwamba hakuna aliyemfundisha muziki wa kwao, na ndio atakaoombwa apige kwenye kila harusi na kila komunyo ya mji huu.

Vifaa visikucheleweshe. Kompyuta ya mkononi ambayo betri yake bado inashika chaji, hedifoni nzuri zinazoziba masikio, na programu ya Mixxx vinatosha kuanzia. Mixxx ni ya bure, na ukishaipakua haikulii mega tena. Mkono ukizoea, tafuta kontrola ndogo, hata iliyokwisha kutumika, lakini iwe ile inayopata umeme wake kwenye waya wa USB wa kompyuta. Shirika la umeme, SNEL, wakikata umeme saa moja jioni, wewe unaendelea na mazoezi. Spika kubwa zinaweza kusubiri. Siku utakapozipata, ziwashe mwisho na uzizime kwanza, na umeme ukikatika chomoa nyaya zote ukutani, maana mara nyingi unarudi na nguvu ya kuunguza vyombo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nyimbo nyingi za dansi la Kongo zina sehemu mbili. Kwanza mwimbaji anaeleza habari yake taratibu. Halafu gitaa linageuka, matoazi yanachangamka, atalaku, yule anayewachochea wachezaji kwa sauti, anaanza kuita, na waliokaa wanainuka. Hiyo ndiyo sebene. Zaiko, walioungana Kinshasa mwaka 1969, waliisukuma mbele kwa kuacha tarumbeta na kuipa gitaa na ngoma uwanja mpana. Dijei asiyejua sebene inaanzia dakika gani anaweza kuukata wimbo pale pale watu wanapoanza kuufurahia, na hilo jukwaani halisameheki.

Kwa hiyo, kabla hujachanganya chochote, chukua nyimbo ishirini unazozipenda. Sikiliza kila mmoja mpaka mwisho, saa ikiwa mbele yako. Andika sebene inaanza dakika gani na inaisha vipi: inazimika taratibu au inakatwa ghafla? Kwenye Mixxx weka alama mahali inapoanzia, ili ukibonyeza kitufe kimoja ufike hapo moja kwa moja. Kazi hii inachosha na haina sifa, lakini naiamini kuliko mbinu nyingine zote za ukurasa huu.

Kisha ujue kwa nini ngoma ziligombana. Rekodi nyingi za zamani zilipigwa na mtu mwenye fimbo mkononi, na mtu huyo anapopandwa na mori wa sebene anaongeza kasi. Kompyuta ikikuambia wimbo una mapigo 124 kwa dakika, huenda inakupa wastani tu. Kitufe kilichoandikwa SYNC kinauamini wastani huo, ndiyo maana nyimbo zinaachana. Kizime. Weka sikio moja kwenye hedifoni na jingine wazi, na kidole kwenye gurudumu la kontrola: wimbo unaoingia ukibaki nyuma, usukume kidogo, ukitangulia, ubane kidogo. Mwanzoni utachanganyikiwa usijue upi umetangulia. Hapo ongeza makusudi kasi ya wimbo unaoingia: mambo yakiharibika zaidi, ndio uliokuwa mbele; yakitengemaa, ulikuwa nyuma.

Ukitaka nafuu, kuna njia halali. Kamata kipande cha sebene chenye mapigo manane, kile ambacho gitaa linarudia sauti zile zile, na uache programu ikizungushe. Kikizunguka, kasi yake haibadiliki tena, nawe una nafasi ya kuingiza wimbo wa pili bila kukimbizana na mpiga ngoma.

Kuna jambo lingine ambalo masomo yale hayaligusi. Katika sebene nyingi ngoma ile ndogo kali inapiga mapigo matano kila mzunguko: matatu yaliyoachana, kisha mawili. Yapige kwa makofi mezani mpaka yakae mwilini. Mtindo huu ni ndugu wa muziki wa Kuba, uliosambaa Kongo kwa santuri za mfululizo wa GV zilizoanza kutolewa mwaka 1933. Ukilinganisha kasi sawasawa, lakini matatu ya wimbo huu yakaangukia juu ya mawili ya wimbo ule, mchezaji atahisi miguu inakwama hata kama hajui sababu. Dawa yake ni kusubiri: acha wimbo mpya uingie pale mzunguko unapoanza upya. Na wakati wa kubadilishana, zima besi ya wimbo mmoja kabla ya kufungua ya mwingine. Besi mbili zikikutana kwenye spika, hakuna atakayesikia gitaa.

Amapiano, ambayo vijana wetu wanaipenda sana, inatembea kwenye mapigo kama 112. Kuivuta mpaka ifikie kasi ya sebene ni kuiharibu. Afadhali umalize sebene, uache sauti ya atalaku peke yake ibaki hewani, halafu uishushe amapiano palepale kwenye pigo la kwanza. Au pitia kwenye rumba ya polepole, wazee wapate zamu yao. Na wazee hao waangalie vizuri: Wenge ilipogawanyika mwaka 1997, wapo waliobaki na JB Mpiana na wapo waliomfuata Werrason, na mpaka leo ukiwapigia upande mmoja tu watakuuliza.

Nyimbo zilizopitia simu za watu kumi mara nyingi zimekwisha chujuka. Nyumbani hutaona tofauti, ila kwenye spika kubwa besi inakuwa uji. Tafuta faili za kilobiti 320 kwa sekunde, na kila moja ipe jina kamili: msanii, wimbo, mwaka. Taa nyekundu za programu zisiwake. Sauti ikipungua, ongeza kwenye spika.

Ukijiona tayari, usiombe saa sita ya usiku. Mwombe dijei wa mtaa wenu akuachie saa ile wageni wanapokula. Hapo unaweza kuanza na gitaa la Jean Bosco Mwenda, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Likasi mwaka 1952, ukapanda taratibu kwenye rumba, na kumkabidhi mwenzako jukwaa kabla ya sebene ya kwanza. Rekodi saa hiyo yote, uisikilize kesho yake ukiwa njiani, na uandike kila mahali miguu yako ilipokwama.