Soketi Isiyokuwapo: Somo la Umeme katika Ubao Mkuu wa Kompyuta

Mtu afunguaye kompyuta mpakato ya bei nafuu huweza kukuta katika ubao wake mkuu safu mbili za vidoa vya shaba visivyobeba kitu, na mbele yake tundu la skrubu lisilo na skrubu. Mahali hapo palikusudiwa soketi ya diski ya pili. Kiwanda huchora ubao mmoja kwa ajili ya kompyuta za aina kadhaa. Ya bei ya juu hupewa soketi, ya bei ya chini huachiwa nafasi tupu. Shule ambayo diski za kompyuta zake zimejaa itavutiwa na wazo la kununua soketi na kuilehemu mahali pake. Je, hilo latosha?

Jibu ni kwamba soketi ni mlango tu. Nyuma yake sharti viwepo vitu vinne: umeme, njia za data, mapigo ya saa, na programu inayoitambua diski.

Umeme. Soketi ya aina ya M.2 huipa diski volti 3.3. Diski inayovuta ampea 2.5 itatumia wati 3.3 × 2.5 = 8.25. Mara nyingi fyuzi au transista inayopitisha mkondo huo nayo haikuwekwa. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha pasi, fundi hupima kwa mita kama njia ya umeme imekamilika, na kama haikugusana na ardhi ya saketi.

Njia za data. Diski nyingi za kasi hutumia mfumo wa PCI Express wenye njia nne. Kila njia ina nyaya mbili za kupeleka na mbili za kupokea. Katika kila waya unaotoka ubaoni kwenda kwenye diski huwekwa kapasita ndogo, yaani kapasita nane kwa jumla. Za upande wa pili hukaa kwenye diski yenyewe. Kazi yake ni kuzuia mkondo mnyoofu na kupitisha mawimbi. Ukinzani wa kapasita ni 1/(2πfC). Masafa, f, yakiwa sifuri, ukinzani hauna kikomo. Lakini kwa kapasita ya nanofaradi 220 na masafa ya gigahezi 4, hesabu hutoa ohmu 0.00018 tu. Kapasita hizo zikikosekana, soketi iliyolehemiwa vizuri kabisa haitapitisha data.

Huenda mwanafunzi akauliza kwa nini pasitumiwe waya wa kawaida kuziba pengo. Katika toleo la tatu la mfumo huo, kila njia hupitisha biti bilioni 8 kwa sekunde. Biti moja hudumu pikosekunde 125. Mawimbi husafiri ubaoni kwa takriban nusu ya kasi ya mwanga, hivyo biti moja huchukua urefu wa sentimita 1.9 hivi. Katika kipimo hicho, waya uliopindwa ovyo hurudisha sehemu ya mawimbi yalikotoka na kuvuruga data.

Saa na programu. Diski huhitaji mapigo ya megahezi 100 kutoka ubaoni. Hali kadhalika, programu ya msingi ya kompyuta, iitwayo BIOS, sharti iwe imeifungua njia ile. Ikiwa imefungwa, au imepewa kazi nyingine, diski haitaonekana hata kama kila kiungo kimekaa sawa.

Joto. Lehemu ya zamani ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi. Tangu Julai 2006 sheria ya Umoja wa Ulaya imezuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, na lehemu ya bati, fedha na shaba iliyoenea badala yake huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Tabaka za shaba ndani ya ubao hunyonya joto upesi. Kwa sababu hiyo fundi huupasha ubao kwanza kutoka chini. Asiyefanya hivyo huongeza joto la juu kupita kiasi, akayeyusha plastiki ya soketi au akabandua vidoa, na kompyuta iliyokuwa nzima ikafa.

Basi mpangilio wa kazi ni huu: kunakili data, kuondoa betri, kuchunguza vitu vile vinne, na mwisho kulehemu. Kimoja kikikosekana na kisipatikane, ni heri kubadilisha diski iliyopo kwa kubwa zaidi, au kutumia diski ya nje. Kuiacha pasi mezani baada ya kupima nako ni kazi ya kisayansi iliyokamilika.

Maswali
1. Kokotoa ukinzani wa kapasita ya nanofaradi 220 kwa masafa ya hezi 50. Linganisha na jibu lililo hapo juu.
2. Kasi ya biti ikiongezwa mara mbili, biti moja itachukua urefu gani ubaoni?
3. Eleza kwa nini kidoa kilichounganishwa na tabaka kubwa la shaba ni kigumu kulehemu kuliko vingine.