Seva Niliyoiacha Mtumba: Somo la Siku 120

Jumanne ya tarehe 3 Desemba 2024, saa mbili na nusu asubuhi, nilikuwa kwenye foleni ya chai simu ikaita. Alikuwa dada wa uhasibu wa ile kampuni niliyofanyia fildi kule Mtumba. Siku hiyo salamu zilikuwa fupi. "Mdogo wangu, seva yako imetufukuza wote. Na tarehe 7 ndiyo hiyo inakuja."

Wanaosoma uhasibu wanaijua tarehe 7. Kodi ya mishahara, yaani PAYE, ya mwezi uliopita inatakiwa iwe imefika TRA ndani ya siku 7 za mwezi unaofuata. Mishahara yote ya Novemba ilikuwa ndani ya seva niliyoiweka kwa mikono yangu, na ambayo kwenye ripoti yangu ya fildi niliipa sura nzima yenye michoro ya rangi. Alama nilizopata zilikuwa nzuri. Chai sikuinywa tena.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu wa kompyuta tutapelekwa kwenye ofisi ndogo, na kazi ya kwanza tutakayopewa inaweza kuwa hii hii: "Tuwekee seva ili watu waingie kwa mbali." Nitaeleza inavyofanyika, kisha nitasema nilipokosea.

Kwa nini ofisi ya Mtumba inataka seva ya namna hii

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na Mji wa Serikali kuzinduliwa Mtumba Aprili 2019, kampuni nyingi zimeufuata mji. Ile niliyofanyia kazi ni ya ukandarasi, ndogo, ya binafsi. Ofisi ipo Mtumba, mafundi wako saiti, na mhasibu msaidizi alibaki Dar es Salaam. Faili moja la Excel lilikuwa na matoleo matano: moja kwenye flashi, moja WhatsApp, mengine hata mwenyewe hajui yako wapi. Programu ya hesabu ilikuwa kwenye kompyuta moja tu, na aliyeihitaji alisubiri mwenzake ainuke kitini.

Seva ya kuingia kwa mbali inatibu hilo. Programu na mafaili yanakaa kwenye mashine moja yenye nguvu. Kila mtumishi anaingia kutoka kwenye kompyuta yake, hata ile ya zamani, na anaona skrini yake mwenyewe kana kwamba amekaa mbele ya seva. Kinachosafiri kwenye waya ni picha ya skrini, mibofyo ya kipanya na herufi za kibodi. Kazi yenyewe inafanyika kwenye seva. Umeme ukikatika mezani, kompyuta inazima lakini kazi inabaki wazi kwenye seva, mradi seva ina UPS inayoishikilia. Na mkiwa ofisini, hamhitaji intaneti kabisa. Mtandao wa ndani unatosha. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima, mwenye seva yake chumba cha pili aliendelea na kazi zake.

Nilivyoiweka

Kwanza, hesabu ya uwezo. Watumishi walikuwa 12. Kwa kazi za Excel, barua na mfumo wa hesabu nilikadiria GB 2 za RAM kwa kila mmoja, nikaongeza GB 8 za mfumo wenyewe. Hiyo ni GB 32. Usikadirie kwa kuangalia seva ikiwa tupu; pima watu wakiwa ndani, hasa mwisho wa mwezi.

Pili, mfumo. Tulitumia Windows Server kwa sababu programu yao ya hesabu ni ya Windows. Hapa kuna mtego wa kwanza. Windows Server ikiwa imetoka tu kusakinishwa inaruhusu watu wawili kuingia kwa mbali, na hao ni kwa ajili ya usimamizi. Ukijaribu na mwenzako mtafurahi, mtaona kazi imeisha. Wa tatu akija anakataliwa. Ili wengi waingie inabidi uongeze huduma ya Remote Desktop Services, na ndani yake sehemu ya kuhudumia watumiaji pamoja na sehemu ya leseni. Kumbuka hiyo ya leseni, tutairudia.

Tatu, akaunti. Kila mtu na jina lake na nywila yake. Hakuna akaunti ya "ofisi" inayotumiwa na watu saba, kwa sababu siku faili likifutwa hutajua umuulize nani. Waweke kwenye kundi la Remote Desktop Users, na usimpe yeyote haki za msimamizi eti kwa sababu ni bosi. Bosi naye anabofya viambatisho vya barua pepe. Folda ya mishahara ifunguliwe na wahasibu peke yao. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika, na mshahara wa mtu ni taarifa binafsi.

Nne, mlango. Huduma hii husikiliza kwenye poti 3389. Njia ya mkato ambayo utaelekezwa na kila mtu ni kuifungua poti hiyo kwenye ruta ili aliyeko Dar es Salaam aingie moja kwa moja. Usifanye hivyo. Kuna mashine duniani ambazo usiku na mchana zinapita kwenye intaneti zikigonga poti 3389 na kubahatisha nywila. Mei 2019 uligundulika udhaifu ulioitwa BlueKeep, ambao ulimwezesha mshambuliaji kuingia kwenye Windows za zamani kupitia huduma hii bila nywila yoyote. Ulikuwa mzito kiasi kwamba Microsoft ilitoa marekebisho hata kwa Windows XP, mfumo ambao ilikuwa imeshaacha kuuhudumia. Aliyeko mbali apitie kwanza kwenye VPN, au kwenye lango la Remote Desktop Gateway linalotumia poti 443. Lazimisha utambulisho kabla skrini haijafunguka, na funga akaunti kwa muda nywila ikikosewa mara kadhaa.

Tano, tabia za watu. Kuna tofauti kati ya kufunga dirisha kwa alama ya X na kutoka kabisa. Ukibonyeza X, programu zako zote zinabaki zinafanya kazi kwenye seva na kula RAM. Wiki ya kwanza seva ilikuwa inachoka kila saa tisa alasiri, nikadhani ni diski. Kumbe watu wanakwenda zao saiti na Excel nane ziko wazi. Nikaweka kanuni: aliyekatika bila kurudi kwa saa 3, kikao chake kinafungwa. Lakini waambie kabla hujaweka, maana asiyehifadhi kazi yake ataipoteza, na lawama zitakuja kwako.

Sita, nakala rudufu. Mkishaweka mayai yote kwenye tenga moja, mnahitaji tenga la pili. Diski ya nje ichukue nakala kila usiku, na mara moja kwa mwezi jaribu kurudisha faili moja. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Nilipokosea

Mtumiaji wa kwanza aliingia Jumatatu tarehe 5 Agosti, wiki ya Nane Nane, ile ambayo daladala za kupita Nzuguni zinatembea kama kobe. Watu walipiga makofi. Mkurugenzi akaagiza soda.

Sehemu ya leseni nilikuwa nimeisakinisha bila kuweka leseni ndani yake. Windows Server haikufungii siku hiyo hiyo. Inakupa siku 120 za neema, zinazoanza kuhesabiwa mtumiaji wa kwanza anapoingia. Na haikai kimya: kila nilipoingia kama msimamizi, kijisanduku kilitokea kwenye kona ya chini kulia kikinikumbusha kwamba leseni hazijapangwa na kwamba zimebaki siku kadhaa. Mimi nilikifunga. Nikakifunga tena kesho yake. Nilijua maana yake. Nilijua pia kwamba leseni zinanunuliwa, na kwamba kumwambia mkurugenzi kuna gharama nyingine wakati bado anasifia kazi kungeharibu ladha ya soda. Nikasema kimoyomoyo, nitamwambia wiki ya mwisho.

Wiki ya mwisho ikafika, nikaandika ripoti, nikaaga tarehe 13 Septemba. Fildi yangu ilikuwa ya wiki 8. Seva ilikuwa na siku 81 mbele yake, na mtu aliyejua hivyo alikuwa mmoja tu, naye ameshapanda daladala.

Ukihesabu siku 120 kutoka tarehe 5 Agosti unaangukia tarehe 3 Desemba.

Siku yenyewe

Kabla sijaondoka hosteli, jamaa mmoja wa darasani akanipa dawa ya haraka: kuna ufunguo kwenye rejista ya Windows, ukiufuta siku zinaanza kuhesabiwa upya. "Dakika tano tu, kaka, hakuna atakayejua." Nilikwenda Mtumba na dawa hiyo mfukoni.

Nilipofika nilijaribu kuingia kwa amri ya mstsc /admin, ambayo humruhusu msimamizi hata leseni zikiwa hazipo. Ikakubali. Data yote ilikuwa salama, hakuna kilichopotea. Nikamwambia dada wa uhasibu kwamba kuna njia ya kurudisha siku nyuma. Akaniuliza swali moja: "Hiyo ni halali?" Sikuwa na jibu ambalo ningeweza kulisema mbele ya mtu anayehangaika kuwasilisha kodi kwa wakati.

Basi tukafanya jambo rahisi zaidi. Tulichomeka skrini na kibodi kwenye seva yenyewe. Anayekaa mbele ya seva haingii kwa mbali, kwa hiyo kizuizi kile hakimhusu. Dada alikaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya kile chumba kidogo chenye feni, akafanya mishahara yake kwa siku mbili huku amevaa sweta, na tarehe 5 PAYE ikawa imewasilishwa. Wengine 11 walirudi kwenye foleni ya kompyuta moja kama zamani, kwa sababu yangu.

Kisha nikaenda kwa mkurugenzi kusema nilichotakiwa kusema Agosti. Hakufoka. Aliuliza kwa nini hakuambiwa wakati bajeti ilikuwa bado wazi. Hapo nilitamani angefoka.

Leseni zilinunuliwa. Hata hapo kuna la kujifunza: zipo za kuhesabu watu na za kuhesabu vifaa. Zile za watu zinataka ofisi iwe na domeni ya Active Directory. Ofisi yetu haikuwa nayo, kwa hiyo tulichukua za vifaa. Ukinunua aina isiyofaa, umelipa na bado watu wanahangaika mlangoni.

Kabla hujaaga fildi

Mwenzangu unayejiandaa, unaweza kufanya mazoezi bila senti. Toleo la majaribio la Windows Server lina siku 180, linakaa ndani ya VirtualBox kwenye laptopu yako. Kama programu za ofisi zinakubali Linux, jaribu Ubuntu na amri ya sudo apt install xrdp xfce4. Huko hakuna leseni ya kichwa kwa kichwa. Yote mawili yatakufundisha kusakinisha.

Ila kusakinisha ndiyo sehemu fupi. Siku hizi, kabla sijagusa seva ya mtu, naandika karatasi moja yenye mambo matano: kitu gani kina tarehe ya mwisho na ni tarehe ipi, kinagharimu nini na nani atalipa, nani anatunza nywila ya msimamizi, nakala rudufu iko wapi na inarudishwaje, na mtu gani wa ofisini ameonyeshwa haya yote, akayafanya mwenyewe huku mimi nimekunja mikono. Karatasi hiyo ninamkabidhi mkurugenzi wiki ya kwanza, wakati bado nina wiki saba za kuulizwa maswali.

Msimamizi wa chuo anakuja kukagua mara moja, anaona seva inawaka, anasaini. Hana namna ya kuiona siku ya 120. Unayeweza kuiona ni wewe, na kijisanduku chako cha kona ya chini kulia.

Ile ya Mtumba bado inafanya kazi. Nywila ya msimamizi anayo dada wa uhasibu, na mwezi Machi alinipigia kunisalimia tu.