Dawa ya shamba ikimwagika mwilini, maji matupu hayatoshi

Wakulima wa nyanya na tikitimaji kandokando ya Mto Sabaki wanaijua hali hii: pampu ya mgongoni inavuja, shati linalowa dawa, na mtu anaendelea kunyunyizia hadi amalize shamba. Hapo ndipo penye hatari. Baadhi ya dawa za wadudu ni za kundi la oganofosfati, ukoo mmoja na sarini, gesi iliyoua abiria wa treni jijini Tokyo mwaka 1995. Hupenya ngozi.

Nyingi zina asili ya mafuta, kwa hiyo maji matupu huziacha zimenata. Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja hushika mafuta, nyingine hushika maji, na sumu huondoka na povu kama samli kwenye sahani.

Aliyemwagikiwa avue nguo papo hapo, aoge kwa sabuni ya kawaida na maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, pamoja na nywele na chini ya kucha. Asitumie dodoki, maana ngozi iliyochubuka hupitisha sumu zaidi. Macho yaoshwe kwa maji safi tu. Anayemsaidia avae glavu.

Sabuni huondoa sumu, haiiui. Ndiyo maana haifai kuogea mtoni wala kando ya kisima, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Akitokwa na jasho na mate mengi, akitapika au pumzi ikibana, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa ya dawa. Daktari atataka kusoma lebo.