Dondoo muhimu: Dereva kutoka Afrika Mashariki anayeishi Ujerumani

Nchini Ujerumani magari hupita upande wa kulia. Tofauti nyingine zinazomsumbua dereva mgeni ni hizi:

• Leseni: Ya Tanzania au Kenya hutumika kwa miezi 6 tangu kuhamia nchini, ikiambatana na tafsiri ya Kijerumani au kibali cha kimataifa. Baada ya hapo lazima kufanya mtihani wa nadharia na wa vitendo.

• Njia panda: Pasipo taa wala alama, anayetokea kulia hupita kwanza, hata kama barabara yake ni nyembamba.

• Baiskeli: Gari linalokata kona kulia humpisha mwendesha baiskeli anayekwenda moja kwa moja.

• Foleni kwenye barabara kuu: Magari ya njia ya kushoto kabisa husogea kushoto na mengine yote kulia, ili kuachia ambulensi nafasi. Hufanyika mapema, kabla king'ora hakijasikika.

• Theluji na barafu: Matairi ya majira ya baridi ni ya lazima.

• Pombe: Dereva wa chini ya miaka 21, au aliye katika kipindi cha majaribio cha leseni, haruhusiwi kuendesha akiwa ameinywa hata kidogo.