Kuomba Nafasi ya Kusoma Nje ya Nchi: Thibitisha Kabla ya Kulipa

Utangulizi

Elimu ya chuo kikuu cha nje ni huduma ambayo familia nyingi huinunua mara moja tu katika maisha. Wapo wanaouza kiwanja, wanaotumia kiinua mgongo, na wanaokopa katika chama cha kuweka na kukopa. Huduma hii hulipiwa kabla ya kuonekana, mtoaji wake yuko maelfu ya kilomita kutoka kwa mlaji, na kasoro yake huweza kujulikana miaka kadhaa baadaye, mhitimu anaporejea nyumbani na cheti chake kikakosa kutambuliwa. Kwa sababu hiyo, mlaji wa huduma hii anahitaji uangalifu kuliko anayenunua bidhaa dukani.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Tanzania wanaokusudia kuendelea na masomo nje ya nchi, hususan shahada ya uzamili, pamoja na wazazi na walezi wanaogharamia masomo hayo. Kanuni inayoliongoza ni moja: kila malipo yatanguliwe na uthibitisho. Mwombaji anayefuata hatua kwa mpangilio huu hupoteza kidogo hata mambo yanapoharibika. Anayelipa kwanza na kuuliza baadaye huweza kupoteza vyote.

Hatua ya kwanza: Anza na siku ya kurudi

Kabla ya kuuliza ada ni kiasi gani, uliza shahada hiyo itakufaa nini utakapohitimu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ndiyo yenye mamlaka ya kutambua shahada zilizotolewa na vyuo vya nje. Chuo kuwa na tovuti nzuri, majengo ya kuvutia au jina linalofanana na la chuo mashuhuri si uthibitisho. Unachopaswa kujua ni kama chuo hicho kimepewa ithibati na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi kilipo, na kama programu unayoitaka imo ndani ya ithibati hiyo. Maswali haya mawili yaulizwe kwa mamlaka yenyewe, si kwa chuo wala kwa wakala.

Kwa taaluma zinazosimamiwa na sheria, kutambuliwa kwa shahada peke yake hakutoshi. Daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mfamasia na Baraza la Famasi. Mhitimu wa sheria anayetaka kuwa wakili hupitia mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Kila chombo kina masharti yake kwa waliosoma nje. Andika barua au fika ofisini, uulize, na uhifadhi jibu la maandishi.

TCU hutoa pia cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa Mtanzania anayekwenda kusoma nje. Kiombe kabla ya kuondoka. Tatizo linalogundulika ukiwa Dar es Salaam au Mwanza hurekebishika. Likigunduliwa baada ya kuhitimu, limekwisha kula miaka na fedha.

Hatua ya pili: Panga kalenda

Katika nchi nyingi za Ulaya mwaka wa masomo huanza Septemba au Oktoba. Anayetaka kuanza wakati huo ajipe mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu wa maandalizi. Sababu kubwa ni kwamba ufadhili wa masomo hutangazwa mapema kuliko udahili. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, kwa kawaida hufunguliwa Agosti kwa ajili ya masomo yanayoanza takriban mwaka mmoja baadaye. Ufadhili huo pia humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, unaohesabiwa kuwa saa 2,800. Hivyo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asiye na uzoefu huo hana sababu ya kumlipa mtu amjazie fomu yake. Tena, kuomba Chevening hakuna ada. Mtu anayedai ada ya kuomba ufadhili huo anauza kitu kinachotolewa bure.

Soma masharti ya ufadhili kabla ya kuandika neno lolote. Kila sharti usilolitimiza litakuokolea muda na fedha ukiligundua mapema.

Hatua ya tatu: Andaa nyaraka zako mwenyewe

Nyaraka zinazohitajika mara nyingi ni hizi: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya sekondari, transkripti ya chuo, wasifu binafsi, barua ya kueleza nia ya masomo, na barua za wadhamini wawili au watatu wa kitaaluma. Mwombee mhadhiri wako barua mapema, umpatie wasifu wako na maelezo ya programu unayoomba, ili aandike mambo yanayokuhusu wewe na si sifa za jumla.

Barua ya kueleza nia iandike kwa mkono wako. Isomwe na rafiki au mwalimu, lakini isinunuliwe. Msomaji wa udahili hutaka kujua umesoma nini, unataka kujua nini zaidi, na kwa nini programu ile ndiyo inayokufaa. Barua iliyonunuliwa haijui majibu hayo, na nakala yake huweza kuwa imekwisha kuuzwa kwa wengine.

Kuhusu mtihani wa lugha, matokeo ya IELTS na TOEFL hutumika kwa miaka miwili. Anayefanya mtihani mapema mno huweza kulazimika kulipia tena. Vyuo kadhaa hukubali barua ya chuo ulichosoma inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Uliza kwanza, huenda usihitaji mtihani kabisa.

Usimkabidhi mtu yeyote vyeti vyako halisi. Toa nakala zilizothibitishwa. Barua pepe inayotumika katika maombi iwe yako, na nywila yake uijue wewe peke yako. Mwombaji ambaye barua zake hupokelewa na mwingine hawezi kujua kama amekubaliwa, amekataliwa au ameombwa nyongeza.

Hatua ya nne: Soma barua ya udahili hadi mwisho

Zipo barua za aina mbili. Barua ya udahili wa masharti husema nafasi ni yako iwapo utatimiza mambo fulani: kuleta transkripti ya mwisho, kufikia alama ya lugha, au kulipa malipo ya awali. Barua ya udahili kamili haina sharti lililobaki. Familia nyingi hufanya sherehe kwa barua ya kwanza zikidhani ni ya pili.

Kabla ya kulipa malipo ya awali, tafuta ibara inayohusu kurejeshewa fedha. Je, ukinyimwa viza utarudishiwa? Kiasi gani kitakatwa? Baada ya siku ngapi? Ikiwa barua haijibu, kiandikie chuo moja kwa moja kwa anwani iliyo katika tovuti yake rasmi. Malipo yafanywe kwa akaunti ya chuo, kwa namba ya mwanafunzi iliyo katika barua. Ada ya chuo kikuu hailipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Hatua ya tano: Hesabu gharama zote

Ada ni sehemu tu ya gharama. Tutazame nchi mbili.

Nchini Ujerumani, vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa kila muhula. Mtu akisikia "masomo bure" huweza kudhani hahitaji fedha. La hasha. Mwombaji wa viza asiye na ufadhili wala mdhamini anayekubalika hutakiwa kuthibitisha fedha za kujikimu, na njia ya kawaida ni kuweka euro 11,904 kwa mwaka katika akaunti maalumu inayomruhusu kutoa euro 992 tu kwa mwezi. Fedha hizo ni zake, hazilipwi kwa yeyote. Lakini lazima ziwepo kabla ya kusafiri. Vyuo vinavyopokea maombi kupitia uni-assist huwa na ada ya kushughulikia maombi: euro 75 kwa programu ya kwanza na euro 30 kwa kila inayoongezwa katika muhula huo. Anayeomba programu tatu hulipa euro 135.

Nchini Uingereza, shahada ya uzamili ya kufundishwa darasani kwa kawaida humalizika ndani ya mwaka mmoja, jambo linalopunguza gharama za kuishi. Hata hivyo, mwanafunzi hulipa tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka. Kwa kuwa viza ya kozi ya miezi 12 huongezewa miezi michache baada ya masomo, na kipande hicho hutozwa nusu mwaka, tozo yote hufikia pauni 1,164. Aidha, fedha za ada iliyobaki na za kujikimu sharti ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua chini ya kiwango. Mkopo wa jirani unaoingizwa leo na kutolewa kesho hausaidii.

Usipange bajeti kwa kutegemea kazi za vibarua. Nchini Uingereza mwanafunzi wa shahada kwa kawaida haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Nchini Ujerumani kikomo ni siku kamili 140 kwa mwaka. Mapato hayo ni nyongeza ya mfukoni na hayatoshi kulipa ada.

Hatua ya sita: Mtambue wakala

Wakala si lazima. Vyuo vingi hupokea maombi moja kwa moja kwa mtandao. Ukiamua kumtumia, fahamu kwamba mawakala wengi hulipwa kamisheni na vyuo wanavyoviwakilisha. Hilo si kosa, lakini lina maana: wakala atakupendekezea vyuo vilivyo katika orodha yake, na huenda asikutajie kile kinachokufaa zaidi. Muulize waziwazi: nani anakulipa, na kiasi gani?

Hakikisha kwamba wakala yumo katika orodha ya mawakala wanaotambuliwa na TCU. Kisha dai mkataba wa maandishi unaotaja huduma, gharama, muda na utaratibu wa kurejeshewa fedha. Gharama ya huduma inayotolewa hapa nchini itajwe na kulipwa kwa shilingi, kama zinavyoelekeza kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025. Dai risiti ya kielektroniki kwa kila malipo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Zifuatazo ni dalili za hatari:

- Anakuahidi viza kwa uhakika. Viza hutolewa na serikali ya nchi husika. Hakuna wakala mwenye mamlaka hayo.
- Anakuharakisha ulipe leo kwa kuwa "nafasi zimebaki mbili".
- Anakataa uwasiliane na chuo moja kwa moja.
- Anakuahidi kwenda Uingereza na mwenza na watoto kwa shahada ya uzamili ya kufundishwa darasani. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa ngazi hiyo hawaruhusiwi kuambatana na wategemezi.
- Anapendekeza taarifa ya benki au barua ya kazi "itengenezwe".

Dalili ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Nyaraka ya uongo ikigunduliwa, anayeadhibiwa ni mwombaji mwenye jina katika fomu. Uingereza huweza kumzuia mwombaji aliyedanganya kwa miaka 10. Fedha zaweza kutafutwa tena, lakini miaka 10 ya kijana hairudi.

Hatua ya saba: Viza na maandalizi ya safari

Usinunue tiketi isiyorejesheka kabla ya viza kutoka. Soma masharti katika tovuti ya serikali au ubalozi wa nchi husika, kwa kuwa viwango hubadilika. Mtanzania anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa. Anayekwenda Marekani kwa viza ya F-1 hulipia mfumo wa SEVIS dola 350 baada ya kupokea fomu ya I-20 kutoka chuoni, kisha huitwa usaili. Katika usaili jibu kwa ukweli na kwa ufupi: unasoma nini, nani analipa, na utafanya nini baada ya masomo.

Ukipata madhara

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ikiwa ulichoahidiwa sicho ulichopewa, mwandikie kwanza mtoa huduma, ukieleza dai lako na kumpa muda wa kujibu. Asipotekeleza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Kuhusu mwenendo wa wakala wa udahili, TCU pia ijulishwe. Palipo na udanganyifu wa fedha au kughushi, toa taarifa polisi. Ambatanisha mkataba, risiti na mawasiliano yote.

Maswali ya kujipima

1. Je, nina uthibitisho wa maandishi kwamba chuo na programu yangu vina ithibati, na kwamba shahada hiyo itatambuliwa nchini?
2. Je, bodi ya taaluma yangu imenijibu?
3. Je, barua yangu ya udahili ni kamili au ina masharti?
4. Je, nikinyimwa viza, nitarejeshewa kiasi gani, na hilo limeandikwa wapi?
5. Je, ninajua jumla ya gharama za mwaka wa kwanza, pamoja na tozo za afya, viza, maombi na nauli?
6. Je, kila karatasi iliyowasilishwa kwa jina langu nimeisoma, na ni ya kweli?

Ukiwa na jibu la "sijui" kwa swali lolote kati ya haya, bado hujafika wakati wa kulipa.