Siri ya Mtoa Habari na Haki ya Mtuhumiwa

Huenda mtu akauliza: Je, ni haki mtu ashitakiwe na mtu asiyemjua wala kumwona uso? Swali hili lina uzito katika nchi ambazo serikali huwapa fedha wagonjwa, wasio na kazi na wenye watoto wadogo. Atwaaye fedha hizo kwa uongo huwaibia maskini, na kwa sababu hiyo serikali huwaomba raia watoe habari zake. Nchini Uingereza mtu aweza kupeleka habari hizo bila ya kutaja jina lake, na anayesemwa haambiwi ni nani aliyemsema. Ili tupate jibu lililo sawa, yatupasa tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa: siri ya jina na siri ya mashitaka.

1. Jina laweza kufichwa

Jirani aonaye udanganyifu huogopa kulipizwa kisasi. Jina lake likitangazwa, atanyamaza. Mwaka 1977 jambo la namna hii lilifika mbele ya Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa siku hizo. Mtu fulani alikuwa amekiambia chama cha kuwalinda watoto kwamba mtoto wa mama mmoja anateswa. Mkaguzi alikwenda, na habari ikaonekana kuwa ya uongo. Mama yule, aliyeumia sana moyoni, akadai aambiwe jina la msemaji. Mahakimu walikataa, kwa kuwa majina yakitolewa watu wataacha kusema, na watoto wanaoteswa kweli watakosa wa kuwaokoa.

2. Mashitaka hayafichwi

Katika mji wa New York maofisa walikuwa wakikata msaada kwanza, na baraza kamili la kumsikiliza mtu likifuata baadaye. Tarehe 23 Machi 1970, katika shauri la Goldberg na Kelly, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba maskini asikatiwe riziki kabla ya kusikilizwa. Aelezwe sababu, ajibu kwa kinywa chake, awahoji mashahidi wanaompinga, na aruhusiwe kuja na wakili. Naye mwamuzi asiwe na upendeleo, tena aeleze hoja za uamuzi wake. Maana mwenye njaa hawezi kungoja haki ya mwakani.

Basi habari isiyo na jina ni alama ya kuanzia uchunguzi tu. Msemaji akifichwa, ni lazima ushahidi mwingine upatikane, ulio wazi, ambao mtuhumiwa aweza kuuona na kuujibu.

3. Haki hiyo ikisahauliwa

Nchini Uholanzi maelfu ya wazazi waliopewa fedha za malezi ya watoto walihesabiwa kuwa wadanganyifu, pengine kwa kosa dogo la karatasi. Walidaiwa maelfu ya euro. Walipoomba kuona majalada yao, wengine walipewa kurasa zilizopakwa wino mweusi. Huko shina la jambo halikuwa barua za majirani, lakini dhuluma ilikuwa ile ile: mtu kuhukumiwa kwa asiyoonyeshwa. Serikali ilijiuzulu tarehe 15 Januari 2021.

4. Mafundisho ya Islam

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat (49), yaamuru habari ya mtu mwovu ichunguzwe kwanza, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Sura hiyo hiyo yakataza dhana mbaya, upelelezi na usengenyaji. Naye Mtume Mtukufu s.a.w. alipomtuma Sayyidna Ali r.a. kuwa kadhi huko Yemen, alimwagiza asihukumu mpaka amsikie mdai wa pili kama alivyomsikia wa kwanza.

Muhtasari

Mtoa habari: aseme alichokiona, si alichokidhania, kufichwa jina hakumfichi mbele ya Mungu.

Ofisa: amlinde msemaji, amsikilize msemwa.

Mtuhumiwa: asipoteze nguvu kumtafuta jirani aliyemsema, bali ajibu hoja. Uingereza akiitwa kuhojiwa kwa tuhuma za udanganyifu, aweza kwenda na mwanasheria. Akiona uamuzi juu ya fedha zake si sawa, kwa kawaida anao mwezi mmoja wa kuomba utazamwe upya, na baadaye aweza kukata rufani mbele ya baraza la waamuzi.

Mwenyezi Mungu atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.