Ulitaka Video, Kimeshuka Nini?

Ukitoka Masalani kuelekea Hulugho au Sangailu, mtandao hupungua kidogo kidogo mpaka simu inabaki ya kuangalia saa na kupiga picha. Ndiyo maana wakaazi wengi wa Ijara hupenda kupakua. Mtu akifika mjini penye mtandao mzuri hushusha mawaidha, nashidi, mechi, au masomo ya mtoto aliye kidato cha nne, kisha hurudi nayo nyumbani au kwenye mifugo akatazame bila kumaliza bando. Ni busara, na somo hili halimwambii mtu aache. Linamwomba aangalie anapitia mlango gani.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba YouTube hairuhusu video zake kutolewa nje ya programu yake bila idhini, na duka la Google Play halikubali programu zinazofanya kazi hiyo. Kwa hivyo programu ya kushusha video za YouTube bure utaipata kwenye tovuti fulani, au utatumiwa na rafiki kwa WhatsApp. Simu yenyewe hukuonya na kuuliza kama unakubali kuweka programu kutoka mahali isipopajua. Wengi hubonyeza kukubali bila kusoma. Kuanzia hapo hakuna duka lililoikagua programu hiyo kabla yako.

Mwaka 2019 kampuni ya usalama wa simu ya Upstream ilieleza yaliyotokea kwa programu maarufu ya kupakua video, Snaptube. Katika muda wa miezi sita, kampuni hiyo ilisema, miamala zaidi ya milioni 70 ya kutiliwa shaka ilitoka kwenye simu milioni 4.4 zilizokuwa na programu hiyo. Simu zilikuwa zikibonyeza matangazo na kujiandikisha kwa huduma za kulipia kichinichini, mwenyewe hana habari. Miamala hiyo ingepita yote, wateja wangepoteza hadi dola milioni 91. Waliotengeneza Snaptube walisema chanzo ni msimbo wa kampuni nyingine uliowekwa ndani ya programu yao. Huenda ni kweli. Lakini kama mwenye programu hakujua kilichokuwa ndani yake, wewe uliyeipokea kwa WhatsApp utajuaje?

Tovuti za kupakua bila kuweka programu nazo si salama zote. Mwezi Machi 2025 ofisi ya FBI mjini Denver, Marekani, ilionya kuhusu zana za bure za kubadilisha faili mtandaoni, zikiwemo zinazodai kushusha MP3 na MP4. Kilichowashika watu ni kwamba baadhi ya zana hizo zilifanya kazi kama zilivyoahidi. Mtu alipata faili lake, akaridhika, na programu haribifu ikaingia pamoja nalo.

Sasa fikiria simu yako ina nini. Aliyeuza ng'ombe sokoni ana pesa zake kwenye M-PESA. PIN yako haimo kwenye ujumbe, lakini namba za siri za benki na za kufungulia akaunti huja kwa SMS. Programu ya video ikiomba kusoma SMS, inaomba kuziona namba hizo. Ikiomba ruhusa ya ufikivu, ile iliyowekwa kuwasaidia wenye ulemavu, mambo ni mabaya zaidi: itaweza kusoma kilicho kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Video haihitaji lolote kati ya hayo. Inahitaji nafasi ya kuhifadhiwa tu. Na hakuna video duniani inayohitaji PIN ya M-PESA wala neno la siri la Facebook.

Kwa hivyo jizoeze kutazama mwisho wa jina la faili kabla ya kulifungua. Video huishia na .mp4, na sauti huishia na .mp3. Ukiona .apk, hiyo ni programu ya simu; .exe ni programu ya kompyuta. Kama uliomba mawaidha na kimeshuka .apk, ulichopata si mawaidha. Kifute bila kukifungua.

Kwenye tovuti hizo utakuta vitufe vitatu au vinne vikubwa vya kupakua, na vingi ni matangazo. Kurasa nyingine zitaomba ubonyeze "Allow" ili video ianze. Ukikubali, utaanza kupokea jumbe za kutisha kwamba simu yako imejaa virusi. Usibonyeze chochote ndani ya jumbe hizo. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari uiondolee tovuti hiyo ruhusa ya kukutumia arifa.

Ombi maalum kwa wenye saiberi na maduka ya kujaza memori kadi: kompyuta ya kushushia filamu isiwe ileile ambayo wateja wanaingilia eCitizen, KRA au HELB. Mzazi akiandika neno lake la siri hapo, programu iliyoingia na filamu ya jana inaweza kulichukua. Zaidi ya hayo, kuuza nakala za kazi ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001.

Njia salama zipo. Tazama kwanza kama programu yenyewe ina kitufe cha kuhifadhi. TikTok huwa nacho pale mwenye video anaporuhusu. Rafiki akiwa na video unayoitaka, mwambie akutumie hiyo video kwa Quick Share, bila bando, badala ya kukutumia programu aliyoishushia. Kwa masomo ya watoto, anzia Kenya Education Cloud ya KICD.

Kama programu ya kutiliwa shaka tayari imo ndani, zima data, iondoe, kisha fungua Google Play na utumie Play Protect kukagua simu. Ikikataa kuondoka, iondolee kwanza ruhusa ya ufikivu na ya usimamizi wa simu. Badilisha PIN na maneno ya siri ukitumia simu nyingine iliyo safi, na uangalie taarifa ya M-PESA ya siku za karibuni. Mteja wa Safaricom anayeona pesa au salio likipungua bila sababu apige 100 mara moja. Ujumbe wa ulaghai utume kwa 333 bila malipo. Pesa zikiwa zimeshaibwa, nenda kituo cha polisi kilicho karibu na uchukue namba ya OB, au piga simu ya bure ya DCI, 0800 722 203. Usifute jumbe za muamala, mpelelezi atazihitaji.